Jicho la Jini Kidoleni Mwangu

Mume wangu alishinda kutwa nzima kitini akisubiri kutoweka. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, ambalo siku hizi vifungo vyake havifikiani na matundu, na mapajani alikuwa amepakata begi dogo lenye sweta na mswaki. "Huko kwa majini," alisema, "huenda kuna baridi."

Kosa lilikuwa langu. Mimi ni sonara na yeye ni fundi cherehani, na tunagawana chumba kimoja cha kazi: mimi dirishani penye mwanga, yeye ukutani na mashine yake. Bibi mmoja mwenye mwavuli mweusi alikuwa ameniletea pete ya kito chekundu niisafishe, akanionya nisiivae. Hakuhitaji kueleza. Nani asiyelijua Jicho la Jini? Malkia wa majini aliachwa na mumewe, akaling'oa jicho lake lililochoka kulia, likageuka kito, naye akakiapiza: atakayekivaa, jua likizama atanyang'anywa anachokipenda kuliko vyote.

Nilimsikia vizuri. Ila sisi masonara tuna ugonjwa wetu: pete ikishang'aa, mkono unaipeleka kidoleni wenyewe, ili uone mwanga unavyokaa juu ya ngozi ya mtu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Changu kilijivika chenyewe, na pete ikagoma kutoka. Sabuni, mafuta, kuvuta kwa uzi, wapi.

Mume wangu aliposikia, badala ya kuingiwa na hofu alichangamka. "Basi ndiyo naondoka," akasema, kama mtu aliyepandishwa cheo. Akavuka barabara kumuaga kinyozi. Akaniagiza kwamba suruali ya mwalimu bado haijakunjwa pindo, na kwamba nikiolewa tena nisiolewe na fundi viatu, maana wale hawana subira. Kisha akakaa, na kila mara akawa anachungulia jua.

Mimi niliogopa sana. Lakini mimi si mtu wa maneno matamu. Kwangu mapenzi ni chai iliyowahi mezani na shati lililopigwa pasi. Nilimwambia tu asogee mbali na dirisha, asije akatoweka na pazia langu.

Jua likazama. Alikuwepo. Akajipapasa magoti, akajipapasa masikio. Nilishusha pumzi, na kwa raha niliyoipata nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe nini?"

"Unachokipenda kuliko vyote. Mimi si nipo hapa? Hebu tafuta kilichopotea, tukijue." Akaikazia macho meza yangu. "Koleo lako lipo? Mizani ipo?"

"Baba, acha utoto."

"Miaka yote hii, mama. Na kinyozi nimeshamuaga." Akainuka na begi lake. "Naenda kwa kaka. Usinitafute."

Nikajisemea mwache aende, njaa ikimbana atarudi. Nikaanza kukusanya vifaa vyangu. Mara pete ikapata joto, ikalegea, ikadondoka mezani yenyewe, kama mgeni aliyeshiba.

Nilibaki nikiitazama. Kwa nini ilegee sasa? Kwa sababu ilikuwa imeshachukua chake. Haikuhitaji moshi wala radi. Ilikuwa imemchukua kwa miguu yake mwenyewe, amenuna.

Nilitoka peku. Nilimkuta karibu na kona, anatembea kwa ile heshima ya mtu aliyeonewa. Nilimwita, hakugeuka. Basi nikasema palepale katikati ya barabara, mbele ya kinyozi na mteja wake mwenye povu mashavuni: "Ni wewe. Kuliko dhahabu, kuliko mama yangu, Mungu anisamehe, ni wewe. Rudi nyumbani."

Akasimama. "Sema tena. Kinyozi hajasikia."

"Nimesikia," alisema kinyozi.

"Sema tena hivyo hivyo."

Nikasema tena. Nilikuwa nalia, na sikuona haya hata kidogo.

Asubuhi yule bibi alikuja kuchukua pete yake. Alinitazama kidole, ambacho kilikuwa bado chekundu, akamtazama mume wangu aliyekuwa anashona suruali ya mwalimu.

"Uliivaa," akasema.

"Niliivaa, bibi. Nisamehe."

"Na huyu?"

"Aliondoka. Nikamfuata."

Akaketi polepole. "Kumbe mtu anaweza kumfuata," alisema. "Wangu, siku niliyoivaa mimi, alitoka akilalamika kwamba chai imepoa. Nikasimama mlangoni nikasema, hii ndiyo laana yenyewe, nimfuate wa nini? Nikafunga mlango."

"Yu hai?" nikamuuliza.

"Yu hai. Yuko kwa dada yake, ng'ambo ya soko."

Niligeuka nimfungie pete yake kwenye karatasi. Nilipomgeukia nimpe, kiti kilikuwa kitupu. Nilikimbilia mlangoni nikamwita, lakini alikuwa ameshavuka barabara kuelekea sokoni, na alivyokuwa anakwenda mbio, mume wangu aliacha mashine akaja kutazama.