Plagi Nyekundu ya Lucienne

Naïma ndiye aliyenieleza haya, mwaka 2013, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, kwake mtaa wa Ganshoren, huku ughaibuni. Bwana wake Sudi ana duka la vyuma vya gari kule mtaa wa Molenbeek, na mambo yote yalipitia mikononi mwake.

Lucienne wa mtaa wa Forest aliuzia wamama wa kanisa lake samaki wa barafu. Euphrasie naye aliuza, ila Euphrasie alikuwa na friji kubwa ndani ya gari. Wivu ukamla Lucienne kama mchwa unavyokula mlango: nje rangi, ndani unga. Akanunua friji ileile, akaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Siku ya kwanza tu plagi ikayeyuka kama mshumaa, samaki wakalegea, gari likanuka wiki nzima.

Na ndipo Maman Anaïs, mkubwa wa kamati ya arusi, akasema: "Jumamosi ya wiki ijayo mulete samaki ninyi wawili. Mwenye yake itafika ngumu kama jiwe, yeye ndiye atapika arusi ya binti ya pasta."

Jumapili, watu wakifumba macho kwa maombi marefu, Lucienne akafumbua yake. Akanyata mpaka kwenye gari la Euphrasie, ambalo halikufungwa, akainua zulia. Akaona plagi ya kijivu, nene kama kasha la kiberiti, na waya mbili nono zikielekea kwenye betri.

"Yaya Lucienne, dada yangu mkubwa, unatafuta nini? Yesu haiko chini ya kiti yangu!" Euphrasie alisimama nyuma yake, Biblia kwapani.

"Pete yangu imeanguka."

"Ndani ya gari yangu? Hiyo pete inatembea, hein!"

Kesho yake Lucienne alikuwa dukani kwa Sudi. "Nipe plagi munene kupita ya Euphrasie. Mara mbili!"

Sudi akacheka. "Maman, waya itachezacheza ndani yake, na mahali inacheza ndiko moto unaanzia. Plagi ilingane na waya, waya ilingane na umeme friji inakula. Ninaibana na mashine yake, si na meno ya koleo. Na fyuzi karibu ya betri, hatari ikija ikatike yeye kwanza. Donc, kwa friji yako, ni ileile niliyomfungia Euphrasie."

Ileile! Kumbe ili Lucienne amshinde mwenzake, sharti kwanza afanane naye.

"Bon," akasema. "Lakini nyekundu. Wasiseme nimemuiga."

Sudi akamvutia waya mpya, nono, akambania plagi nyekundu.

Jumamosi samaki wa wote wawili wakagonga meza, ko! ko! Maman Anaïs akakuna kichwa. "Alors, mutapika nusu kwa nusu."

Nusu! Siku ya arusi Lucienne hakucheza hata wimbo mmoja. Alikaa pembeni akichunga nani anapakua kwenye sinia gani. Euphrasie akampitia, jasho usoni.

"Yaya, njoo tucheze. Samaki yako wanaisifu."

"Na yako?"

"Wanaisifu pia."

"Basi cheza weye."

Lakini Lucienne alikuwa ameamka na majogoo kupakia samaki. Kidevu kikashuka kifuani, kikainuka, kikashuka tena, na usingizi ukamchukua uso wake ukiwa bado umeelekea sinia ya Euphrasie.