Mstari Uliopinda Kushoto

Asubuhi moja mafundi rangi wawili wastaafu walialikwa kwenye karakana ya ndege. Kampuni yao ya zamani ilikuwa imepaka ndege mpya kabisa rangi za miaka arobaini iliyopita: mwili mweupe, na mstari wa chungwa kutoka puani hadi mkiani, kama ndege yake ya kwanza, ambayo siku hizi labda ni masufuria ya watu.

Wa kwanza aliitwa Rula, kwa jinsi alivyousifia unyoofu wa mkono wake. Wa pili alikuwa kaka wa mkewe. Ndege ile ya kwanza waliipaka wao, Rula kushoto, shemeji yake kulia, na mstari wa mmoja wao ulishuka vidole vitatu karibu na mlango wa nyuma. Wa nani? Miaka yote hiyo kila mmoja alimsukumia mwenzake.

Msimamizi wa rangi, dada aliyevaa ovaroli, aliwapeleka upande wa kushoto. Mstari ulienda vizuri, ukafika mlango wa nyuma, ukashuka.

"Tumepima kwenye picha za zamani," alisema kwa fahari. "Mchoraji wetu anasema hapa ni bawa la ndege anayetua."

Shemeji alicheka mpaka akashika ngazi asianguke. "Anayetua! Mwanangu, huyo alikuwa anaanguka! Rula, leo umepatikana."

"Wewe ndiye uliyekuwa unanichekesha nikibandika utepe wa kunyooshea mstari," Rula alinung'unika.

"Kwa hiyo unakiri?"

"Nakiri nilicheka."

Shemeji akatangulia upande wa kulia, kifua mbele, kwenda kuonyesha mstari wa mwanamume. Akafika mlango wa nyuma. Kicheko kikakatika.

Nao ulikuwa umeshuka.

"Huu wangu ulinyooka!"

"Picha zote tulizopata ni za kushoto, baba, abiria wanakopandia," msimamizi alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Kulia tulifuatisha kushoto."

Rula aliutazama mstari ule taratibu, kama mtu anayeonja. "Pole, shemeji. Nani atabisha na macho yake?"

"Naweza kuunyoosha," msimamizi alisema. "Ila itabidi tukwangue huu upande wote, na ndege inaondoka kesho."

Shemeji alitazama vijana waliokuwa wanakunja mashuka ya plastiki, nyuso zimejaa vumbi la rangi. Alijua uchungu wa kukwangua kazi nzuri. "Acheni," alisema, lakini midomo ilimcheza.

Rula aliona. Akaomba karatasi na kalamu, akaandika akiwa ameegemea tairi: *Mimi niliyepaka kushoto ndimi niliyepindisha mstari. Wa kulia ulinyooka kabisa. Naujua, kwa sababu niliuonea wivu.* Akatia sahihi, akamwomba msimamizi naye atie yake kama shahidi.

Shemeji alisoma mara mbili. "Wivu?"

"Usinirefushie maneno, mzee wewe."

Mchana walirudi nyumbani kwa Rula. Mkewe aliwamiminia chai, akauliza, "Haya, mstari uliopinda ulikuwa wa nani?"

Shemeji aligusa mfuko wa shati, akahisi karatasi. "Dada," alisema, "ndege imependeza. Niongezee chai."