Mashuka ya Kando ya Reli

Mama Povu, dobi wa mtaa, alipitisha kidole kwenye pindo la shuka lililokauka, akakitazama. Safi. Akajaribu shuka la pili, na la tatu.

"Umebadilisha sabuni, mama?" aliuliza msimamizi wa nyumba ya wageni, aliyefuata mzigo wake. "Wageni wanasifia."

"Sabuni ni ileile."

"Basi ni treni." Alielekeza kidevu relini. "Lile dude la dizeli limestaafishwa. Hii ya mwendo kasi inakula umeme, moshi haina. Na mabasi yamepungua, kila mtu anaikimbilia. Mimi siku hizi nalala dirisha wazi."

Aliondoka na furushi lake akipiga mluzi, bila kujua alichokiacha nyuma.

Miaka yote treni ya dizeli ilipita nyuma ya ua ikitema masizi, na Mama Povu aliizoea hata akaacha kuiona. Alichokiona ni mikono ya mke wa mwanawe. Mashuka aliyofua binti huyo yakipata vidoa, ulikuwa uzembe. Yake mwenyewe yakipata, lilikuwa vumbi. Mpaka siku ile uani, majirani wakitazama, alipoyang'oa yote kambani na kuyatupa tena kwenye beseni. "Kwenu hamkufundishwa kufua?" Watu walicheka. Jioni binti alifungasha, akambeba mtoto wake aliyekuwa akikohoa, akahamia kwa dada yake. Mumewe akamfuata.

Sasa Mama Povu alifunga mlango, akatoka kuwafuata. Njia nzima uso ulimwaka.

Uani kwa dada yule, wanawake walikuwa wamejipanga bombani na ndoo zao.

"Mkaguzi kaja," dada alisema. "Anikeni vizuri, jamani."

Wakaguna kwa kicheko. Mke wa mwanawe aliinuka kutoka kwenye beseni, povu likimchuruzika viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno. Twende ndani kidogo."

"Mimi sikuambiwa ndani, mama."

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mama Povu aliinamisha kichwa. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimpotea.

"Mashuka yako yalikuwa safi," alisema. Kisha akapaza sauti, ili hata wa mwisho kwenye foleni asikie. "Yalikuwa safi. Moshi wa treni ndio uliyachafua, na yangu pia. Sasa moshi haupo, yanatoka meupe. Nilikusingizia mbele za watu. Nimekuja kusema mbele za watu."

Mtu mmoja alifunga bomba.

Binti aliinama, akalivuta blanketi kutoka majini, zito kama mtu aliyelala. Akashika ncha moja. Ile nyingine akamnyooshea mama mkwe.

Wakaanza kulikamua, huyu akisokota kulia, yule kushoto, na maji yakamiminika katikati yao, yakajitafutia njia kwenye udongo.