Nyundo ya Hakimu

Tamthilia mpya ya mawakili wawili waliooana ilikuwa na dakika kumi tu hewani, na tayari Desmond alikuwa amesimama mbele ya televisheni, akimnyooshea kidole hakimu aliyegonga meza kwa nyundo.

"Nyundo! Hakimu wa Uingereza na nyundo wapi na wapi? Miaka thelathini nimekuwa karani wa mahakama hapa Leeds, sijaiona hata moja!"

"Kaa chini, Des, nisikie," alisema Hilary, mkewe, kwa mara ya nne.

Akakaa, akinung'unika. Hilary alitaka jambo moja tu: kujua kwa nini yule mke wa kwenye tamthilia amemchoka mumewe. Mwishoni kabisa, kwenye korido ya mahakama, mke, bado na wigi la uwakili kichwani baada ya kesi ya talaka ya mteja wake, akamgeukia mumewe na kuanza kumweleza.

"Na wigi!" Desmond akaruka. "Nani anavaa wigi kwenye kesi ya talaka? Wanatuona mazuzu?"

Alipomaliza kufoka, mke alikwisha kwenda zake na majina ya waigizaji yalikuwa yanapita.

"Des, yule mke kasema nini?"

"Mke gani?"

Hilary akaweka kikombe mezani. "Basi. Nimeshamwelewa."