Sahihi ya Kuhudhuria

Muhiba hakuiangalia karatasi. Aliendelea kugeuza viazi ndani ya karai, akavitoa vilivyoiva, akavimwaga kwenye chujio, ndipo akamwuliza mumewe swali lile lile la miaka yote.

"Inafunga?"

Zahoro alikuwa amesimama mbele yake mlangoni mwa ploti, jengo lao la kupanga, suti imemkaa vizuri, tai imelegea kidogo kama ya mtu aliyetoka kufanya kazi nzito ya kukaa. Suti yenyewe ilitoka Gikomba. Muhiba ndiye aliyeichomoa kwenye mlundo wa mitumba, na siri hiyo waliijua wao wawili na fundi aliyeipunguza mikono. Ndani ya bahasha aliyoishika mlikuwa na Makubaliano ya Awali kuhusu Mfumo wa Mazungumzo ya Maridhiano, yaliyotiwa sahihi asubuhi ile katika hoteli moja kubwa mjini, baina ya serikali ya nchi yao na wapinzani wake walio uhamishoni.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ina ubalozi hapa Nairobi, na watu wa ubalozi ule hawana utani. Itoshe kusema kwamba haina bahari, ina ziwa moja tu, na nusu ya ziwa hilo ni ya watu wengine. Zahoro aliikimbia akiwa kijana, akaja na mkewe kupanga chumba mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, kwa muda tu. Muda huo ulimlea mwana wao Farid, ukamsomesha, ukamwoza, ukamhamishia mtaa wa Donholm. Zahoro bado alikuwa Katibu Mwenezi wa Chama cha Ukombozi na Maridhiano Halisi. Neno "Halisi" lilikuwa muhimu sana, maana kilikuwapo kingine kisicho nalo.

"Inafunga kabisa, Mama Farid," alisema kwa sauti ya kutaka majirani wasikie. "Wamekubali turudi. Tena mimi ni Naibu Waziri wa Uvuvi."

"Wa ile nusu yetu?"

"Wa ile nusu yetu."

Muhiba alikuwa na haki ya kuuliza. Kilichowaweka mjini miaka yote hiyo hakikuwa chama, kilikuwa karai. Na karai lilikuwa na mahali pake. Pale mlangoni mwa ploti pametokeza kipande cha zege, na chini yake panaenea meza moja na jiko moja. Anayeijua Pipeline ataelewa. Maghorofa yamebanana hadi jua likipita linapita upande upande, na kila roshani imeanikwa nguo zinazochuruzika kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu, hivi kwamba mchuuzi wa pale chini hufanya biashara huku akidondokewa na maji ya sabuni ya mtu asiyemjua. Chini ya zege lile hakidondoki kitu. Wanawake wa ploti nzima walipamezea mate mahali pale, hasa Kanyiva, aliyeuza sukuma wiki hatua chache pembeni, amejitanda nailoni kichwani hata siku za jua kali.

Mugo, keateka aliyeitunza ploti, aliichukua ile karatasi akaitazama juu na chini. "Lakini Mheshimiwa, hapa wameandika awali. Sasa hii ni serious ama ni ya kupigwa picha?"

Swali hilo Zahoro alilipenda mno. Alipanda ngazi mbili ili aonekane.

"Nisikilize, Mugo. Awali si mchezo. Neno likishatamkwa mbele ya watu, na mwenzako akalitegemea akafanya jambo, limekufunga. Huwezi kurudi kesho ukasema eti mazingira yamebadilika. Hata karatasi ikiandikwa awali. Hata pasipo na karatasi!"

"Hapo umeongea," Mugo akakubali, na watu waliokuwa wakingoja viazi wakapiga makofi, japo wengine walitaka tu hotuba iishe wahudumiwe.

Muhiba alikuwa ameshamsikia mumewe akisema hivyo kuhusu karatasi nyingine, lakini safari hii alitaka kuamini, na mtu akitaka kuamini hana haja ya ushahidi mwingi. Kule nyumbani mama yake alikuwa hai bado. Kila Ijumaa alimwambia kwenye simu kwamba chumba chake kimefagiwa. Muhiba alikuwa amechoka kuambiwa hivyo na kujibu inshallah.

Basi akamwita Kanyiva mbele ya watu wa ploti, akamshika mkono, akamweka chini ya zege.

"Kanyiva, hapa ni pako. Na karai nakuachia."

"Woi, Mama Farid!" Kanyiva alilia machozi ya kweli. Aliivua nailoni yake papo hapo akaitupa. Kabla majani ya sukuma hayajafagiwa kule alikotoka, Shirleen wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshapachukua na miwa yake. Zahoro, ambaye hakuna aliyemwomba, alitoa hotuba fupi kuhusu makabidhiano ya amani ya madaraka.

Godoro lilikuwa limefungwa kamba na sufuria zimo kwenye gunia redio ilipotangaza. Msemaji wa serikali ya kwao alieleza, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni choo, kwamba yale hayakuwa mkataba. Yalikuwa tamko la nia njema katika mazingira ya wakati ule. Mwanahabari akamwuliza, je, na sahihi ya waziri? Msemaji akajibu kwamba sahihi ile ilikuwa ya kuonyesha tu kwamba waziri alihudhuria.

"Kuhudhuria!" Zahoro alipiga ukuta kofi, jirani wa upande wa pili naye akapiga wake. "Mtu anatia sahihi, anapeana mkono, anakula chakula cha mchana, halafu anasema alihudhuria!" Aliandika taarifa kali kwa vyombo vya habari, na vyombo vya habari vikaipokea kwa kimya. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni akiruka godoro kila safari.

Muhiba alikaa juu ya gunia la sufuria. Hakumgombeza. Alitamani amgombeze, ingekuwa nafuu kwa wote wawili. Zahoro alimwona ameweka mikono mapajani, mikono ambayo hakuwahi kuiona imetulia mchana, na aibu ikampanda hadi masikioni. Ndipo akaamua kufanya kitu anachokijua. Akaitisha mazungumzo.

Yalifanyika Jumapili watu walipotoka kanisani, pale pale mlangoni. Kanyiva alikaa chini ya zege, amelishika karai kwa mikono miwili. Mugo alisimama katikati, kwa sababu kila mazungumzo lazima yawe na mtu wa katikati. Zahoro alivaa suti, akasimama nje kidogo ya zege.

"Ndugu zangu," alianza, "kile tunachokiita kukabidhi kilikuwa hatua ya awali. Kilitegemea safari. Safari haikuwepo. Kwa hiyo tunarudi tulipokuwa."

"Sijashika, Mheshimiwa," Kanyiva alisema. "Mama Farid alinipatia ama hakunipatia?"

"Alionyesha nia njema ya kukupa."

"Na karai? Hata karai ni nia njema? Saa hii liko na mafuta yangu ndani."

"Lazima tuangalie mazingira ya wakati ule..."

"Mheshimiwa," Mugo akaingilia, "na sisi wote si tulikuwa hapa? Si tuliona?"

"Mlihudhuria," Zahoro alisema. "Kuhudhuria si..."

Tone la maji ya sabuni lilimdondokea begani, likafuatwa na jingine, na hakusogea. Sauti aliyokuwa akiisikia haikuwa ngeni. Aliisikia wiki ile ile redioni akaitukana mchana kutwa, na sasa ilikuwa ikitoka kinywani mwake, na upole wake wote, hadi ule wa kumwelekeza mgeni choo.

Muhiba, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi nyuma yake, akasimama.

"Inafunga," alisema.

"Mama Farid, niachie kidogo, nilikuwa nataka..."

"Nilimpa mbele ya watu. Aliacha mahali pake kwa sababu ya neno langu, na pale pameshapata mtu. Nikimtoa hapa aende wapi? Inafunga, Baba Farid. Si wewe uliyesema, umesimama kwenye ngazi hii? Watu walipiga makofi, lakini mimi ndiye niliyekuamini."

Akapanda juu, ghorofa zote sita, akawaacha wakitazamana. Kanyiva alilia tena, safari hii kwa aibu, lakini karai hakuliachilia.

Kilichofuata hakikuletwa na msuluhishi. Kililetwa na viazi. Vya Kanyiva viliungua nje vikabaki vibichi ndani, na unga aliovichovya uliganda kama lipu. Wateja wa Pipeline si watu wa kuficha hisia. Baada ya siku chache tu, Kanyiva akapanda juu akihema, akasimama mlangoni kwa Muhiba.

"Mama Farid, wananimaliza. Wanasema ladha ilienda na uwaziri. Si tukae wawili? Wewe kaanga, mimi niuze. Tutabanana tu."

Wakabanana. Ilibaki kazi ya kumenya, na Muhiba hakuitangaza nafasi hiyo. Alimwekea mumewe beseni na kisu. Chini ya zege hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu, kwa hiyo Naibu Waziri wa Uvuvi alikaa nje kidogo, kwenye kigoda, akimenya viazi huku nguo za watu zikimdondokea kisogoni. Muhiba alimwona. Akaendelea kukaanga.

Mambo yakawa hivyo hadi simu ilipolia asubuhi moja. Zahoro alisimama ili kuongea, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akarudi uso umenawiri.

"Mazungumzo yanafufuliwa, leo hii. Kuna rasimu mpya ya makubaliano ya awali, na wameniita."

Kisha akangoja. Alikuwa ameshaliandaa jibu, lilikuwa refu na lenye tahadhari, lakini swali halikuja. Muhiba alikuwa akipepea jiko. Zahoro hakuwahi kufikiri kwamba neno lile moja, alilolichoka miaka na miaka, lingemwuma namna hii kwa kutosemwa.

"Hata huniulizi?"

"Nikuulize nini? Viazi vya jioni atamenya nani?"

"Mimi. Saa kumi nitakuwa nimeketi hapa."

Muhiba akamgeukia mwenzake. "Kanyiva, umesikia?"

"Nimesikia vizuri."

"Na wewe Mugo?"

"Mimi nimehudhuria," Mugo alisema, na wanawake wakacheka hadi Shirleen akaangusha panga la miwa.

Kule hotelini waziri alikuwa yule yule, na kalamu yake ile ile. Asubuhi nzima walibishana iwapo karatasi iitwe makubaliano au maelewano. Upande wa serikali uliona makubaliano yana harufu ya kufunga. Wenzake Zahoro chamani waliona maelewano yana harufu ya kutofunga. Chakula kikaliwa. Baada ya chakula msuluhishi, mzee mpole kutoka bara la mbali, alipendekeza yaitwe Maelewano ya Awali ya Kuelekea Makubaliano ya Awali, na wote wakavutiwa, wakaanza kubishania neno "kuelekea". Zahoro alitazama saa ya ukutani. Akaitazama tena. Kisha akakusanya miwani na bahasha, akasimama.

"Mniwie radhi," alisema. "Kuna jambo limenifunga."

Mwenyekiti wa chama chake alimvuta koti, naye akalitoa koti mkononi mwake taratibu, kwa sababu lilishonwa zamani, akaondoka.

Saa kumi ilimkuta kwenye kigoda, tai ameitupa begani, beseni mapajani. Alikuwa amemenya nusu ya viazi wakati redio ya Mugo ilipokatiza muziki. Habari zilizotufikia hivi punde, ilisema, ni kwamba upinzani umesusia mazungumzo. Mchambuzi akaletwa. Mchambuzi akaeleza kwamba hatua hii ya kijasiri ilipangwa kwa miezi, kwamba inaonyesha msimamo mpya na mkali, na kwamba serikali imeshtuka na iko tayari kulegeza. Simu ya Zahoro ilikuwa ikitetemeka mfukoni tangu kule njiani. Aliiacha itetemeke.

Muhiba aliinua uso kutoka kwenye karai.

"Umesusia nini, Baba Farid?"

"Sijasusia kitu. Nilisema saa kumi."

Muhiba alikichukua kiazi alichokimaliza mumewe, akakigeuza, akamwonyesha ganda alilobakiza. Zahoro akakirudia. Tone likamdondokea shingoni, akajipangusa kwa mkono wa suti, akaendelea.

"Kanyiva," Muhiba alisema, "hebu shika meza upande ule."

Wakaiinua pamoja, wakaisukuma hadi ikagusa ukuta, na Muhiba akakivuta kigoda cha mumewe ndani, chini ya zege.