Maombi ya Mama Jacklyne

Watu wa Waithaka walimjua Milcah, mama yake Jacklyne. Akisimama kuzungumza hadharani, ulimi humkauka. Lakini akiambiwa aombe, hata mvua husubiri amalize.

Siku hiyo wananchi waliitwa katika ukumbi wa kanisa kutoa maoni kuhusu mpango wa kurudisha uhai wa mito na misitu ya magharibi mwa Nairobi. Milcah aliitazama ramani ukutani. Penye chemchemi, pale anapolima nduma, yaani magimbi, za kuuza soko la Kangemi, palichorwa mikaratusi. Na mkaratusi hunywa maji kama mgeni aliyeshiba omena, dagaa wenye chumvi. Miaka michache tu, chemchemi ingebaki hadithi.

"Sema basi," jirani yake Shem alimnong'oneza. "Ama unangoja chemchemi ijitetee?"

"Shem, niache. Dakika mbili zitaisha nikitafuta sauti."

Bwana Thuo, afisa wa mpango, akagonga meza. "Kumbukeni, kila mtu dakika mbili, hakuna nyongeza. Kwanza tuombe. Mama Jacklyne, tafadhali."

Macho yote yakafumbwa. Hofu ya Milcah ikaenda zake.

"Baba, wewe ndiwe uliyeiweka chemchemi chini ya shamba la jirani yetu Gerishon, ambayo haikukauka hata mwaka wa njaa. Ndugu zetu wa ramani hawakuiona. Wasamehe, walipita na gari. Wakumbushe kuwa mikaratusi hukausha. Wape hekima wapande mikuyu, na mianzi kidogo ukingoni. Na nduma, Baba, usizisahau nduma..."

"Ndiyo, Bwana!" Shem akaitikia.

Thuo akakohoa. Akakohoa tena. Lakini nani hukatiza maombi? Zilipita dakika kumi na moja.

"Amina!" ukumbi ukanguruma.

Wengine wakatoa maoni yao. Mwishowe karani akasoma kumbukumbu: "Mkutano ulifunguliwa kwa maombi." Kuhusu chemchemi, hakuna hata neno.

Milcah akamgeukia Shem. Yote aliyoyasema, na hayakuandikwa!

"Mzee, na ya Mama Jacklyne?" Shem akauliza.

"Maombi si maoni," Thuo akajibu. "Hayo yalikwenda juu."

"Yalipitia hapa kwanza. Na wewe ulisema amina, nilikuona."

"Uliniona vipi, na tulikuwa tumefumba macho?"

"Mimi nilikuwa nakesha na kuomba."

Watu wakacheka. Thuo naye akajizuia, akashindwa. "Sawa. Lakini sharti mwenyewe aseme, macho wazi."

Milcah akasimama. Macho mia mbili yakamwelekea. Ulimi ukakauka, kama kawaida. Akamwomba Mungu kimyakimya, kwa ufupi ambao hata yeye ulimshangaza.

"Bwana Thuo," akasema, "ni yale yale. Uyaandike. Ama nianze tena kuomba?"

"Hapana, mama! Hapana!" Thuo akanyakua kalamu. "Karani, andika yote." Akaiendea ramani, akafuta mikaratusi, akachora duara la buluu la chemchemi.

Milcah akalikagua, macho wazi kabisa.

"Sogeza kidogo kushoto," akasema. "Hapo ni choo cha Gerishon."