Midomo ya Dawud

Mume wangu Dawud alikufa mchana, chumbani kwetu Majengo, na kabla ya magharibi watu walikuwa washaanza kugombania alikufa Mwislamu au Mkristo. Hasira sijaimaliza hadi leo. Alizaliwa Gatitu akaitwa Dedan, akasilimu aliponioa, tukaishi hivyo hadi mvi zikatuota. Ugonjwa ulipomwangusha, ndugu zake wakawa wanakuja kumwombea, naye kwa upole wake alimwitikia kila mtu amina. Amina hizo ndizo zilizoniponza.

Siku ile tulikuwa wawili kando ya kitanda, mimi na wifi yangu Watiri, dada yake. Nilimlakinia shahada, kumtamkia taratibu sikioni ili aifuate, kama desturi yetu kwa anayekata roho. Upande wa pili Watiri alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Midomo ya Dawud ikatikisika, kisha akatulia kabisa.

Mimi nikasema ametoa shahada. Watiri akasema ameimba naye. Basi, hapo ndipo vita vilipoanza.

Maiti wetu huzikwa siku iyo hiyo, lakini Dawud wangu alilazwa mochari huku sisi tukiitwa kwa chifu. Kaka yake mkubwa, Kingori, alijaza ukumbi kwa watu wa ukoo. Mimi nilikuwa na shehe na majirani wachache. Niliapa kwa Msahafu, Watiri akaapa kwa Biblia. Shehe alipoulizwa, akasema hakuwepo, hawezi kushuhudia asichokisikia. Ningeweza kumkaba koo! Kingori naye hakuwepo, lakini aliongea kana kwamba alikuwa amekalia ulimi wa marehemu.

Chifu alitusikiliza mpaka akachoka.

“Mama Kibibi,” akaniambia, “ukweli ya marehemu alienda nayo. Sisi hapa ni lazima tutengeneze yetu, ndio watu waende nyumbani.”

Akaomba wanaosema alikufa Mkristo wainue mikono. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mikono ya Gatitu ilikuwa mingi, na ukweli ukaja. Niliwaambia mikono haina masikio. Nani alinisikiliza? Watu walikuwa washaanza kuvaa makoti.

Walimzika Gatitu, kwenye shamba la baba yao, kwa suti na tai. Sikumwosha mume wangu, sikumshonea sanda. Nilisimama nyuma ya watu na buibui langu kama mpita njia, mikono haina kazi. Watiri akaja akasimama ubavuni mwangu. Nilidhani amekuja kunisimanga.

“Wifi,” akasema polepole, machozi yakimtoka, “mimi sikusikia kitu. Niliona midomo tu. Na wewe?”

Nilitaka kumpasulia kwamba nilisikia, neno kwa neno, na ningeapa tena pale pale kaburini. Nikafumba macho nimtafute Dawud wangu kitandani. Midomo niliiona ikitikisika. Sauti niliyoipata ilikuwa yangu, ikimtamkia. Nikatafuta tena, nikamsihi moyoni, sema baba, sema hata kidogo. Nikapata yangu tena.

Nilipofumbua macho walikuwa wanatupa udongo. Alikuwa amelazwa chali, hakuelekezwa Kibla, na sikuwa na la kuwaambia.